Barua ya benki ndiyo iliyonifunza siasa za Uingereza

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 23 Septemba 2022, nilikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, namlisha babu mmoja uji. Televisheni ya sebuleni ilikuwa inaonyesha Bunge, sauti imepunguzwa. Waziri wa Fedha, Kwasi Kwarteng, alikuwa amesimama anasoma makaratasi yake. Sikugeuka hata kumtazama. Ni mambo yao, nilijiambia. Mimi mbeba boksi tu, mtoto wa Tanga.

Nyumbani, juu ya friji, chini ya bakuli la vitunguu, kulikuwa na barua ya benki ya tangu Agosti. Nilinunua nyumba ndogo mwaka 2020 kwa mkopo wa pauni 180,000, riba asilimia 1.6, isiyobadilika kwa miaka miwili. Muda huo ulikuwa unaisha Novemba. Barua ilinipa riba mpya ya asilimia 3.6 kama ningesaini mapema. Mimi nikaona wezi hawa, kutoka 1.6 mpaka 3.6! Nikaiacha pale, nikisubiri ishuke.

Sasa, alichokuwa anasoma yule bwana ni mpango wa kupunguza kodi kwa takribani pauni bilioni 45 kwa mwaka, na pesa ya kuziba pengo itoke kwenye mikopo. Tena Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti, ambayo kazi yake ni kupiga hesabu za mambo kama hayo, haikuchapisha tathmini yoyote. Wanaoikopesha serikali ya Uingereza wakaingiwa na hofu, wakauza hati fungani zake, yaani hati za deni lake. Bei za hati zikaporomoka, na zikiporomoka hizo riba inapanda. Jumatatu iliyofuata pauni ikagusa dola 1.03, haijawahi kushuka hivyo mbele ya dola. Jumatano Benki Kuu ikalazimika kuanza kununua hati hizo, maana mifuko ya pensheni ilikuwa inayumba. Benki za kawaida zikaondoa mikopo yao ya nyumba sokoni, na ziliporudi, riba ya miaka miwili ilikuwa inavuka asilimia 6.

Nilipoishusha barua yangu kutoka juu ya friji, ofa ilishakufa. Nikapewa asilimia 5.9, nami kwa woga nikaifunga kwa miaka mitano. Malipo yakatoka pauni 728 kwa mwezi hadi 1,114. Ningesaini Agosti yangekuwa kama 896. Zidisha mwenyewe tofauti hiyo mara miezi sitini. Mimi nilizidisha mara moja tu na sitaki tena.

Kwarteng alifukuzwa tarehe 14 Oktoba, na bosi wake Liz Truss akaondoka baada ya siku 49 za uwaziri mkuu. Aliyeshika hazina baada ya Kwarteng, Jeremy Hunt, alifuta karibu mpango wote. Saini yangu haikufutika. Nisiwaonee lakini: riba zilikuwa zinapanda tayari, vita vya Ukraine vilishapandisha bei ya gesi, na mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1 Oktoba hiyo. Hata wangekaa kimya ningelipa zaidi ya pauni 728. Ila sehemu yangu ya uzembe naijua, na sehemu yao naijua.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama una mogeji, yaani mkopo wa nyumba, andika kwenye kalenda ya simu tarehe ambayo riba yako inakwisha, kisha rudi nyuma miezi sita. Siku hizi benki nyingi zinakuruhusu kushika riba miezi kadhaa kabla, na ikishuka kabla ya siku ya kuanza, unaomba ile ya chini. Kushika mapema hakukufungi. Mimi nilidhani kunafunga, na sikuuliza. Na usifunge miaka mitano siku ambayo watu wanakimbia ovyo. Riba ya Benki Kuu ilifika 5.25 Agosti 2023, kisha ikaanza kushuka mwaka mmoja baadaye, na Desemba 2025 ilikuwa 3.75. Mimi bado nakula 5.9 yangu mpaka 2027.

Waliopanga wasijione wamepona. Mwenye nyumba naye ana mogeji.

Jambo la pili ni slipu ya mshahara, na hapa ndipo nawaona wenzetu wengi wanalala. Pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato. Kiwango hicho kiligandishwa tangu Aprili 2021 na Rishi Sunak alipokuwa Waziri wa Fedha. Wamekuja wengine, Chama cha Labour kimeingia, na Novemba 2025 Waziri wake wa Fedha, Rachel Reeves, amekigandisha hadi 2031. Hakuna aliyesimama akasema "nimepandisha kodi ya mapato". Angalia kinachotokea: kima cha chini kilikuwa pauni 8.91 kwa saa Aprili 2021, kikawa 12.21 Aprili 2025. Mtu wa saa 35 kwa wiki alikuwa analipa kodi kama pauni 729 kwa mwaka. Mwaka 2025 ikawa kama 1,930. Nyongeza tulipigiwa vigelegele. Kodi ikaingia na viatu mkononi.

Huwezi kulizuia hilo, ila unaweza kuzuia kukatwa zaidi ya haki. Tazama namba ya kodi kwenye slipu. Mwenye kazi moja na mambo ya kawaida huwa na 1257L. Ukiona BR, maana yake unakatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza; kwa kazi ya pili ni sawa. Mimi niliacha kazi ya kwanza ili nisome, nikabaki na ya wikendi, na BR ikaendelea miezi saba bila mimi kuangalia. Zaidi ya pauni 800. Nilizirudishiwa, na unaweza kudai hadi miaka minne nyuma.

Jirani yangu ni bibi wa Kiingereza, miaka themanini na kitu. Majira ya baridi ya 2024 nilimkuta anakunywa chai jikoni kwake amevaa koti la kutokea nje, kofia kichwani. Serikali mpya ilikuwa imewaondolea wastaafu wengi ruzuku ya kupasha nyumba joto, isipokuwa wale wa kipato cha chini kabisa. Wazee walipiga kelele nchi nzima. Juni 2025 serikali ikageuka, ikairudisha kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000. Bibi hakushangaa. "Tunapiga kura, mpenzi," aliniambia.

Sasa linganisha na sisi. Machi 2024 wafanyakazi wa kulea wazee walikatazwa kuja na mke, mume au watoto. Novemba 2025 ukatangazwa mpango wa kusogeza ukazi wa kudumu kutoka miaka mitano hadi kumi, na kwa wengi wa sekta yetu kumi na tano. Tulilia kwenye makundi ya WhatsApp. Mbunge haingii humo.

Na wengi hawajui kwamba wana kura. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, yaani Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, anapiga kura ya Bunge hata bila pasipoti ya Uingereza. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo, ila Scotland na Wales wanaruhusiwa uchaguzi wa halmashauri na wa mabunge ya kule. Mimi kwenye uchaguzi wa Bunge wa Julai 2024 nilikwenda na pasipoti yangu ya Tanzania, ukumbi wa kanisa, penseli imefungwa kwa uzi. Yule mama wa mezani akaigeuza, akatazama picha, akanipa karatasi. Labour ilipata viti 411 kwa kama asilimia 34 tu ya kura, na kuna majimbo yanayoamuliwa na watu wa kujaza mabasi machache.

Wiki iliyopita, kwenye mapumziko, nilimkalisha kaka mmoja wa Kilifi tuliye naye zamu. Yuko hapa mwaka wa nne. Akatoa simu, akafungua fomu ya kujiandikisha kupiga kura, akafika kwenye uraia, akachagua Kenya kwa wasiwasi kama anayebonyeza kengele ya moto. Fomu ikasonga mbele.

"Imekubali, dada?"

Imekubali. Chai yake ilishapoa. Akaanza kuniuliza diwani wa mtaa wake ni nani, maana kuna shimo barabarani mbele ya kwake tangu Februari.