Mwalimu, Nijibu: Mtoto wa seremala aliyevishwa taji

Mwezi huu barua tatu zimenifikia juu ya jambo moja, utadhani walioziandika walikaa kibaraza kimoja: watoto wanaofanana sana na wengine. Nimeziweka pamoja. Ile ya mama wa Tanga nimeiacha ya mwisho kwa kuwa inataka nafasi. Nilikwisha kumpelekea ujumbe asimjibu chochote yule bwana anayemtaja humo mpaka jarida litoke.

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu, Morogoro. Tumesimuliwa ile hadithi ya Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyebadilishana nguo na mtoto fukara aliyefanana naye, kila mmoja akajikuta katika maisha ya mwenzake. Wenzangu wanasema ni historia, mimi nasema ni uongo mtupu. Tumewekeana soda. Nani anunue?*

Marahaba mwanangu. Soda ni yako, ila wamiminie wenzako nusu chupa.

Edward alikuwepo. Alizaliwa 12 Oktoba 1537, mwana wa Henry wa Nane, akarithi kiti mwaka 1547 akiwa na miaka 9, akafariki 1553 kabla hajatimiza 16. Huko kubadilishana nguo hakukutokea. Ni kazi ya mtunzi aliyeandika zaidi ya miaka 300 baadaye. Hebu fikiri, baba mtu alioa mke wa tatu ndipo akampata mrithi huyo wa kiume. Alimlinda hata na vumbi, akiagiza kuta na sakafu za vyumba vyake zisuguliwe. Mtoto wa mtaani angepenya wapi?

Sasa ile nusu chupa. Miaka ya 1480, kabla Edward huyo hajazaliwa, alikuwepo Oxford mtoto wa seremala aitwaye Lambert Simnel, mwenye umri wa miaka 10 hivi. Padri mmoja akamwangalia, akaona sura ya ukoo wa York, ukoo wa kifalme ambao Henry wa Saba alikuwa ameunyang'anya kiti mwaka 1485. Ukoo huo ulikuwa na mtoto wa kiume aliyejulikana kuwa hai, Edward wa Warwick, mkubwa kidogo kuliko Lambert, naye Henry alikuwa amemfungia katika Mnara wa London. Jina lake kila mtu alilijua. Sura yake ni wachache waliokuwa na hakika nayo, na padri hakuhitaji zaidi ya hapo.

Akamfundisha mtoto kutembea, kula na kuzungumza kama mtu wa ikulu, kisha akavuka naye bahari hadi Ireland. Mabwana wakubwa wa kule wakampokea kwa mikono miwili. Ukiniuliza kama walidanganyika, nitakwambia mtu mzima mwenye jeshi hadanganyiki kirahisi hivyo. Walikuwa wanatafuta mfalme wa kumpinga Henry, wakaletewa mmoja wa kimo kinachobebeka.

Tarehe 24 Mei 1487, katika kanisa kuu la Christ Church mjini Dublin, ambalo limesimama mpaka leo, wakamvisha taji na kumtangaza mfalme. Unajua walimpa jina gani la ufalme? Edward wa Sita! Jina hilohilo na namba hiyohiyo ambayo Edward wa hadithi yenu aliipata miaka 60 baadaye. Inasimuliwa kwamba taji lenyewe lilivuliwa kwenye sanamu ya Bikira Maria, na kwamba bwana mmoja mrefu alimbeba mtoto mabegani akipita naye barabarani ili umati umwone. Nilipokuwa nafundisha, hapa ndipo hata waliokuwa wakisinzia kipindi cha mwisho walipoinua vichwa.

Henry naye hakulala. Alikwisha kusikia fununu, na mapema mwaka huo alimtoa Warwick halisi mnarani, akampitisha mjini hadi kanisa la Mtakatifu Paulo ili watu wamwone kwa macho yao. Haikusaidia. Shangazi yake Warwick, Margaret wa Burgundy, alipeleka askari wa kukodiwa wapatao 2,000 kumpigania "mwana wa kaka yake" aliyeko Dublin, hali mwana wa kaka yake wa kweli amefungiwa London. Wakavuka kuingia Uingereza, na tarehe 16 Juni, mahali paitwapo Stoke karibu na Newark, wakapigwa vibaya. Viongozi wengi wakafia uwanjani, padri akafungwa, mtoto akakamatwa. Tangu taji mpaka pingu haikufika hata mwezi.

Henry angeweza kumnyonga. Akaona mtoto wa umri ule hakupanga lolote, akamsamehe na kumpa kazi jikoni mwake, kugeuza chuma cha kuchomea nyama. Majiko ya ikulu zamani hizo yalichoma mnyama mzima kwenye chuma kirefu mbele ya moto wa magogo, na kijana wa jikoni alikaa kando, shavu moja likibabuka kwa joto, akizungusha mpini taratibu ili nyama iive pande zote. Akizembea kidogo tu, upande mmoja unaungua, na mpishi mkuu ana mkono mzito. Baadaye Lambert alipandishwa cheo akatunza ndege wa mfalme wa kuwindia, akaishi mpaka utu uzima.

Na Warwick halisi, mwenye jina? Alirudishwa mnarani. Utoto na ujana wake vikaishia humo, na tarehe 28 Novemba 1499 akakatwa kichwa akiwa na miaka 24. Kisingizio kilikuwa njama aliyohusishwa nayo pamoja na kijana mwingine aliyejidai kuwa wa ukoo uleule, lakini kosa lake hasa ni damu aliyozaliwa nayo. Mkishamaliza soda, waulize wenzako kati ya wawili hao wangependa kuwa nani.

*Mwalimu, mimi ni baba wa mapacha, Dodoma. Nimesikia kwamba kwenye filamu za Marekani mtoto mchanga mmoja huwa ni watoto wawili. Ni kweli au ni maneno ya vijana wa kibanda cha video?*

Ni kweli, baba. Sheria za jimbo la California, iliko Hollywood, hazimruhusu mtoto wa umri wa siku 15 hadi miezi 6 kukaa mahali pa kupigia filamu zaidi ya saa 2 kwa siku, na ndani ya hizo anafanya kazi dakika 20 tu. Dakika 20 hazitoshi hata kumnyamazisha. Ukiwa na mapacha, huyu akichoka unamwingiza mwenziwe na mtazamaji haoni kitu. Mary-Kate na Ashley Olsen walianza hivyo katika tamthilia ya vichekesho ya Full House, iliyorushwa kuanzia 1987 hadi 1995. Walicheza mtoto mmoja aitwaye Michelle wakipokezana, na kwa miaka mingi majina yao yaliandikwa mwishoni kana kwamba ni jina refu la mtoto mmoja. Wako ukiwapeleka, dai malipo ya watu wawili.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama lishe hapa Tanga. Binti yangu ana miaka 8, na watu wanasema amefanana kama shilingi kwa ya pili na mtoto mmoja anayeonekana sana kwenye matangazo ya televisheni. Shuleni wanamwita kwa jina la yule mtoto, na siku hizi akiitwa jina lake haitiki. Majuzi amekuja kaka mmoja anasema kuna harusi na sherehe zinazomhitaji yule nyota naye hana nafasi, basi wangu aende badala yake, avae kama yeye, apige picha na wageni. Anataka picha zake, nakala ya cheti cha kuzaliwa na shilingi elfu thelathini za usajili. Mtoto analia anataka kwenda. Anasema angeweza angebadilishana maisha na yule mwenzake hata kesho. Nifanyeje?*

Marahaba mama, pole na jua na moshi.

Elfu thelathini usitoe. Mwenye kazi ndiye anayelipa. Wewe hujawahi kumtoza mteja kiingilio kabla hajala wali. Cheti cha kuzaliwa usimpe, picha usimpe, na kama alishapiga mwenyewe kwa simu yake, mwambie azifute mbele yako. Halafu tazama kazi yenyewe. Mwenye harusi anaambiwa nyota fulani anakuja, analipa, analetewa mtoto wa mtu mwingine. Huo ni utapeli, na siku utakapogundulika, kaka atakuwa ameshakata tiketi ya basi na binti yako amesimama katikati ya ukumbi na gauni la kuazima. Padri wa Oxford angalau alikamatwa pamoja na mtoto wake.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na inakataza mtoto kufanya kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Harusi zetu unazijua. Saa 2 hata bibi harusi hajaingia ukumbini.

Kwa binti mwenyewe usianze na sheria, atalia zaidi. Mweleze habari za Shirley Temple, Mmarekani aliyezaliwa 1928, ambaye miaka ya 1930 dunia nzima ilimjua kuliko huyo wa tangazo. Akina mama walikuwa wakiwasokota binti zao nywele zifanane na zake, na mashindano ya watoto wa kufanana naye yalifanyika miji mingi. Mwambie nywele zile zilikuwa na misokoto 56, na mama yake alizifunga kwa vibanio kila usiku kabla ya kulala. Kwako anasukwa mara ngapi kwa mwezi, na analia kiasi gani? Mwambie pia kwamba katika filamu zake za kwanza, akiwa na miaka mitatu minne, mtoto mtundu aliwekwa ndani ya kisanduku cheusi chenye pande la barafu, akae humo mpaka atulie. Umri wake ulipunguzwa mwaka mmoja ili aonekane mdogo zaidi, hata yeye mwenyewe akakua hajui miaka yake. Mimi katika hayo yote ni hili la umri linalonikera kuliko hata barafu.

Hili lingine ni lako wewe, mama, si la mtoto. Shirley alipata zaidi ya dola milioni 3 utotoni. Alipokuwa mtu mzima wa miaka 22 hivi akakuta zimebaki kama 44,000. Kabla yake Jackie Coogan, aliyepata umaarufu mwaka 1921 akiwa na miaka 6 hivi, aliwashtaki mama yake na baba yake wa kambo mwaka 1938 kwa kutapanya fedha zake, akaambulia dola 126,000 hivi. Kesi hiyo ndiyo iliyoleta sheria ya California ya mwaka 1939, na leo sheria hiyo inadai asilimia 15 ya mapato ya mtoto ikae kwenye akaunti ambayo mzazi haigusi. Basi akija siku moja mtu wa haki mwenye kazi ya haki, tangazo la sabuni mchana kweupe, mkataba wa maandishi na wewe umekaa palepale, uliza kwanza fedha ya mtoto itaingia akaunti ya nani. Sikukatazi. Shirley huyohuyo alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, 1974 hadi 1976, kwa hiyo si kila mtoto wa filamu anaharibikiwa.

Kuhusu jina, nenda shule ukazungumze na mwalimu wa darasa. Amwite kwa jina lake na la baba yake, kwa sauti, kila asubuhi wakati wa kuita mahudhurio, na wenzake wafuate. Nyumbani nanyi acheni kumtania kwa jina la televisheni, hasa mashangazi. Na yule nyota msimseme vibaya mbele yake. Ni mtoto wa mama mwingine, na pengine naye anatamani kurudi shule mchana akacheze rede.

Huyo kaka akiendelea kuzunguka mtaani kwenu, mpeleke kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, uombe afisa ustawi wa jamii ajue. Akimfuata mtoto njiani au shuleni, piga 116, ni simu ya bure ya watoto. Akirudi kwako kabla ya hapo, mkaribishe chai, mwite mjumbe naye akae, kisha umwombe jambo moja tu: ampigie mzazi wa yule nyota sasa hivi, simu ikiwa kwenye spika.