Wapitiaji Wawili Usiowajua: Makala Yako Ikishafika Jaridani

Majibu ya kwanza niliyowahi kuletewa na jarida yalikuwa na kurasa nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa za mpitiaji wa pili, yaani mmoja wa wataalamu ambao jarida huwapa makala waisome na kuitathmini kabla ya kuchapishwa. Makala yangu ilitokana na tasnifu ya uzamili kuhusu msamiati wa mabaharia wa majahazi. Nilikuwa nimeandika, bila wasiwasi wowote, kwamba "nahodha" na "bandari" yametoka Kiarabu. Mpitiaji akanirudisha nyuma hatua moja: yote mawili asili yake ni Kiajemi. Nahodha limeundwa na neno la chombo na neno la bwana, yaani bwana wa chombo. Waarabu waliyapokea kwa Waajemi, na Waswahili wakayakuta yakiwa yameshatembea. "Mwandishi anatuambia neno limetoka wapi," aliandika, "lakini hatuambii limepitia wapi."

Siku mbili sikuifungua tena ile barua. Siku ya tatu nikaenda maktaba na kukuta aliyosema ni kweli. Zaidi ya hapo, swali lake la njia ndilo lililokuja kuwa kiini cha makala. Ile niliyoituma mwanzo ilikuwa orodha ya maneno tu.

Nayaeleza haya kwa sababu wanafunzi wa uzamivu huniuliza mara kwa mara nini hutokea makala ikishatumwa. Vyuo vingi vya kwetu sasa vinadai mtu awe amechapisha kabla ya kuhitimu, ila ni wachache wanaomkalisha mwanafunzi na kumweleza safari yenyewe ilivyo.

Makala haiendi moja kwa moja kwa wapitiaji. Inaanzia kwa mhariri, na nyingi huishia hapo hapo, tena ndani ya wiki chache, kwa sababu ambazo mwandishi angeweza kuziepuka: mada iko nje ya mawanda ya jarida, maneno yamezidi, ikisiri (muhtasari wa mwanzo) haipo, marejeleo hayakufuata mtindo. Kwa hiyo kabla ya kutuma, chukua matoleo mawili ya karibuni ya jarida unalolitaka uyasome, hata kama huna hamu. Majarida ya Mulika na Kioo cha Lugha yote yanatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini usidhani makala iliyoandaliwa kwa moja inaingia kwa jingine bila kuguswa. Swahili Forum, linaloandaliwa Ujerumani, lina taratibu zake pia.

Ukivuka hapo, mhariri hutafuta wapitiaji, kwa kawaida wawili. Hapa ndipo miezi inapopotelea. Wapitiaji ni wahadhiri kama wengine, hawalipwi, na wana mitihani ya kusahihisha. Anayeombwa anaweza kukataa, wa pili asijibu, wa tatu akakubali kisha akaugua. Miezi mitatu ikipita bila habari, mwandikie mhariri barua fupi ya heshima ukiulizia hali ya makala. Si utovu wa adabu. Kinachovunja adabu ni kuituma makala hiyo hiyo kwa jarida jingine wakati la kwanza halijajibu. Usifanye hivyo kamwe, hata kama mwenzako amekwambia hakuna atakayejua. Fani zetu ni ndogo, na si ajabu makala moja ikamfikia mpitiaji mmoja kutoka majarida mawili.

Majarida mengi ya lugha na fasihi huficha majina pande zote: wewe humjui mpitiaji, naye hakujui. Basi jifiche kweli. Kufuta jina kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi ikiwa ndani umeandika "kama nilivyoonesha katika tasnifu yangu" na kutaja mwaka na chuo. Jina lako hubaki pia kwenye taarifa za faili lenyewe. Lifute na huko.

Uamuzi utakaokuja ni mmoja kati ya minne: imekubaliwa, masahihisho madogo, masahihisho makubwa, au imekataliwa. Kukubaliwa moja kwa moja sijawahi kukuona, si kwangu wala kwa wenzangu wa karibu. Wanafunzi wangu wengi wakisoma "masahihisho makubwa" hulia, wakaiweka makala kabatini mwaka mzima. Nawasihi: hiyo ni habari njema! Mhariri anakwambia anaitaka makala, mradi uifanyie kazi. Kuiacha hapo ni kama kuvuka bahari ukakataa kushuka pwani.

Sasa niseme jinsi ya kujibu, maana hapa ndipo makala huokolewa au kupotea. Soma maoni mara moja, kisha yaache siku tatu. Ukirudi, yanakili yote, hoja moja moja, kwenye jedwali. Upande mmoja maneno ya mpitiaji kama yalivyo, upande wa pili jibu lako pamoja na ukurasa ulipofanya badiliko. Usiruke hata dogo. Akisema kuna kosa la tahajia ukurasa wa 6, andika kwamba umelisahihisha. Mhariri anayeona kila hoja imejibiwa hapati taabu ya kuamua.

Kuna maoni yatakayokuudhi kwa sababu mpitiaji hakukuelewa. Hayo yape uzito zaidi. Mtu wa fani yako, aliyeketi na makala yako kwa saa nzima, asipoelewa, basi aya hiyo haijakaa sawa. Usimjibu "nimeshaeleza ukurasa wa 4." Iandike upya ile ya ukurasa wa 4.

Lakini si lazima ukubali kila kitu. Mpitiaji wangu wa kwanza alitaka niongeze nadharia ambayo ingeigeuza makala ya historia ya maneno kuwa makala ya isimujamii, yaani uhusiano wa lugha na jamii. Nilimshukuru, nikaeleza kwa sentensi nne kwa nini data zangu haziwezi kubeba nadharia hiyo, nikaongeza tanbihi ya kumwelekeza msomaji anayeitaka. Mhariri alikubali. Kinachotakiwa ni sababu inayoweza kupimwa, bila ukali.

Hasira ina gharama yake, hata kwa wakubwa. Mwaka 1936 wanafizikia Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la Physical Review la Marekani makala iliyodai kwamba mawimbi ya graviti, yaani mawimbi ya nguvu ya mvutano yanayosafiri angani, hayapo. Mhariri, John Tate, aliipeleka kwa mpitiaji, naye akaona kosa. Einstein alijibu kwa ghadhabu kwamba hakuruhusu makala yake ioneshwe kwa wataalamu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Baadaye kosa lilimdhihirikia, na mwaka 1937 makala ilitoka kwenye jarida jingine ikiwa na hitimisho tofauti. Mwaka 2015 mawimbi hayo yakanaswa na vifaa. Mpitiaji yule, Howard Robertson, alikuwa amemwonesha njia tangu mwanzo.

Neno moja kuhusu barua pepe zinazokuita "profesa mashuhuri" na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku tano ukilipa ada. Jarida linalokubali kwa siku tano halijampa mtu yeyote makala yako aisome. Ada peke yake si kosa, maana yapo majarida ya kweli yanayotoza. Wewe uliza nani wako kwenye bodi ya wahariri, tafuta mmoja wao, umuulize kama analijua jarida hilo. Nimeona mwenzangu akipoteza fedha za utafiti huko, na makala ile hawezi tena kuichapisha kwingine.

Siku hizi nami huombwa kupitia. Nimejiwekea utaratibu: najibu ndani ya siku mbili kama naweza au siwezi, ili mhariri asinisubiri bure. Nikikubali, naanza kwa kuandika kwa maneno yangu makala inadai nini. Nikishindwa kuandika hivyo, hilo ndilo linakuwa oni langu la kwanza kwa mwandishi. Na kila ninapomwambia amekosea, namwelekeza pia pa kwenda kusoma, kama nilivyoelekezwa mimi kwenye Kiajemi.