Pedali ya breki ya nyuma iko juu mno: usianzie kwenye nati ya gurudumuni

Ndugu, umesema kifundo cha mguu kinauma kwa sababu pedali ya breki iko juu, na kwamba umelegeza nati ya nyuma bila kupata nafuu. Nati ile iliyo mwishoni mwa fimbo ya breki (chuma kirefu kinachounganisha pedali na gurudumu la nyuma) haiwezi kukusaidia kwa hilo. Kazi yake ni uchezaji tu, yaani umbali ambao pedali hushuka kabla breki haijaanza kushika. Ukiilegeza, pedali inabaki pale pale, ila sasa unaikanyaga kwa kina zaidi. Kimo kina bolti yake.

Kwa breki ya ngoma, tafuta bolti fupi yenye loknati (nati inayoifunga bolti isizunguke) karibu na mhimili wa pedali. Springi huirudisha pedali juu hadi izuiwe na bolti hiyo. Kabla ya kuigusa, legeza nati ya fimbo mizunguko kadhaa. Hapa ndipo wengi hukosea: pedali ikishuka huivuta fimbo, uchezaji unakwisha, na viatu vya breki vinaanza kusugua ngoma muda wote bila wewe kukanyaga chochote.

Sasa legeza loknati (mara nyingi ni spana namba 10 au 12) na uzungushe bolti nusu mzunguko kwa kila jaribio. Pikipiki iwe wima, ukae juu yake na viatu unavyoendeshea. Soli nene hubadilisha kipimo chote. Soli ikae kwenye kikanyagio (chuma cha kuwekea mguu) bila vidole kugusa pedali, na ukiinamisha mguu kidogo tu uifikie. Kwa wengi hapo ni usawa wa kikanyagio au milimita 10 hadi 20 chini yake. Usishushe kupita hapo: kifundo kitafika mwisho wa kujikunja breki ikiwa bado haijashika sawasawa. Kanyaga pia hadi mwisho, uone kama pedali haigongi bomba la moshi wala chuma cha kikanyagio. Kisha kaza loknati huku umeishikilia bolti isizunguke nayo.

Ndipo urudi kwenye nati ya fimbo. Pikipiki nyingi za ngoma hutaka uchezaji wa milimita 20 hadi 30, ukipima kwenye ncha ya pedali; kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Nati hiyo ina mchongo unaokaa juu ya pini ya mkono wa breki, hivyo isiachwe katikati ya mzunguko, ikalie pini vizuri. Zungusha gurudumu kwa mkono: lizunguke bila kukwaruza.

Breki ya diski inataka uangalifu zaidi. Nyingi hazina bolti ya kuzuia. Kimo hurekebishwa kwa kurefusha au kufupisha kifimbo kinachosukuma pistoni ya masta silinda, yaani silinda ndogo inayosukuma mafuta ya breki. Kifimbo kikirefuka, pedali inapanda; kikifupishwa, inashuka. Lakini lazima kibaki na mwanya mdogo kabla ya kuisukuma pistoni. Mwanya ukiisha, pistoni hairudi hadi mwisho na tundu la kurudishia mafuta kwenye kikopo linabaki limezibwa. Mafuta yakipata joto yanapanuka, hayana pa kwenda, pedi zinabana diski, joto linazidi, na gurudumu linaweza kujifunga ukiwa barabarani. Angalia pia kifimbo kisitolewe hadi kushikiliwa na nyuzi mbili tatu tu za skrubu yake. Nyingine zina tundu la kuchungulia, na nyuzi zionekane humo.

Jambo linalosahaulika ni taa ya breki. Swichi yake huvutwa na springi iliyofungwa kwenye pedali, kwa hiyo ukishusha pedali taa inaweza kuwaka moja kwa moja. Shikilia mwili wa swichi, zungusha nati yake tu. Ukizungusha swichi yenyewe utakata nyaya. Taa iwake kabla kidogo ya breki kuanza kushika.

Mwisho endesha polepole kilomita moja au mbili ukitumia breki ya mbele pekee, simama, usogeze kiganja karibu na ngoma au diski ya nyuma bila kuigusa. Ukisikia joto, uchezaji bado ni mdogo mno.