Kitundikio cha zana ukutani: kwa nini ubao hupasuka na skrubu hulegea

Swali: Fundi, nakusalimu. Nina karakana ndogo ndani ya gereji yangu, yenye ukuta wa matofali uliopigwa plasta. Nilitengeneza kitundikio cha zana kwa ubao wa msonobari wenye unene wa milimita 20, nikatoboa mashimo kwa mstari mmoja ili niweke bisibisi na patasi, kisha nikaufunga ukutani kwa skrubu nne. Baada ya muda ubao ulipasuka kutoka shimo hadi shimo, na skrubu mbili za juu zimeanza kutoka pamoja na fisha zake (vile vibomba vya plastiki vinavyoshika skrubu ndani ya ukuta). Nataka kuanza upya, na safari hii niweke pia nyundo, misumeno, spana na randa mbili. Nitumie mbao gani, nifunge vipi ukutani, na mashimo niyapange kwa vipimo gani?

Jibu: Ndugu msomaji, hitilafu mbili ulizozieleza hazina chanzo kimoja, ingawa zimetokea kwenye kitundikio kimoja. Ubao umepasuka kwa sababu ya uelekeo wa nyuzi zake, na skrubu zimelegea kwa sababu ya namna uzito unavyouvuta ubao kwenda nje ya ukuta. Nitaanza na ukuta, kwa kuwa kitundikio kilichopasuka hukutia hasara ya ubao tu, ilhali kilichong'oka humwaga patasi miguuni mwa mtu.

Wengi hudhani kazi ya skrubu ni kuzuia ubao usiteremke. Kazi hiyo ipo, lakini ni nyepesi, kwani skrubu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 5 haitakatika kwa uzito wa bisibisi na patasi chache. Kinachoing'oa ni mvuto wa kwenda nje, ambao huongezeka kadiri zana zinavyokaa mbali na ukuta na kadiri mgongo wa kitundikio unavyokuwa mfupi. Tuseme zana zako zina kilo 4, na uzito huo umekaa sentimita 10 kutoka ukutani. Ikiwa skrubu za juu ziko sentimita 5 tu juu ya ukingo wa chini wa ubao, basi kwa pamoja zinavutwa nje kwa kilo 4 mara 10 gawanya kwa 5, yaani nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 8. Ukiurefusha mgongo ili umbali huo uwe sentimita 20, mvuto unashuka hadi kilo 2, na zana ni zilezile. Ukijumlisha na mtikisiko wa kila siku wa kuchomoa na kurudisha zana, utaona kwa nini skrubu zako za juu ndizo zilizotangulia kutoka na za chini zikabaki.

Plasta nayo ina sehemu yake katika lawama. Kwa kawaida tabaka lake huwa na unene wa milimita 10 hadi 20, na fisha ikitanukia humo huimong'onyoa badala ya kubana. Kwa fisha ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 40, tumia keekee ya zege ya milimita 8, toboa mpaka uingie ndani ya tofali lenyewe kiasi cha milimita 50, toa vumbi lote ndani ya tundu kwa kulipuliza au kulifyonza, kisha sukuma fisha ipite plasta yote na ikae ndani ya tofali. Urefu wa skrubu hupatikana kwa kujumlisha: milimita 18 za mbao, 15 za plasta na 40 za fisha ni 73, kwa hiyo skrubu ya milimita 80 itatosha. Ikiwa matofali yako yana uwazi ndani, zima mtindo wa kugonga kwenye drili, kwa sababu kuta nyembamba za tofali hupasuka kwa ndani bila wewe kuona, na uchague aina ya fisha inayojikunja na kufanya fundo nyuma ya ukuta huo mwembamba. Usirudie matundu ya zamani. Sogea angalau sentimita 5. Usitoboe pia katika mstari wa wima unaopita juu au chini ya swichi na soketi, wala katika mstari wa mlalo unaoziunganisha, kwa maana huko ndiko nyaya hupitishwa mara nyingi.

Sasa kuhusu namna ya kufunga. Sikushauri ufunge kitundikio chenyewe moja kwa moja ukutani. Funga reli za mshazari, kisha kila kitundikio kikae juu ya reli kwa uzito wake. Chukua ubao wa plaiwudi wa milimita 18 wenye upana wa milimita 150, uupasue katikati kwa urefu ukiwa umeinamisha msumeno nyuzi 45, na utapata vipande viwili vyenye kingo za mshazari zinazolingana. Kipande cha kwanza hufungwa ukutani, mshazari wake ukiwa juu na ukiteremkia upande wa ukuta, hivi kwamba kati ya reli na ukuta kunabaki mfereji wenye umbo la V. Kipande cha pili hugandishwa na kufungwa kwa skrubu nyuma ya kitundikio, mshazari wake ukiwa chini na ncha yake ikielekea ukutani, ili kiingie katika mfereji huo. Kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo mshazari unavyokivuta kitundikio kibane ukutani. Hapa wengi hugeuza kipande kimoja kinyume na kitundikio hakishiki kabisa, kwa hiyo kabla ya kupaka gundi shika vipande viwili mkononi, vipachike kimoja juu ya kingine, na uweke alama ya penseli upande unaotazama ukuta.

Kwa kuwa reli imekitenga kitundikio na ukuta kwa milimita 18, ni lazima uweke kipande kingine chenye unene huohuo chini ya mgongo wake, la sivyo kitainama na zana zitaegemea mbele kupita kiasi. Reli ya ukutani ifungwe kwa pima maji, na iwe na skrubu kila baada ya sentimita 40 hivi. Panga reli kadhaa, kila moja sentimita 20 au 25 juu ya nyingine, na utaweza kuhamisha kitundikio chochote bila kutoboa ukuta tena. Faida hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwani karibu kila mtu hubadili mpangilio wake akishaanza kuutumia. Aidha, nafasi iliyobaki nyuma huruhusu hewa kupita, na katika gereji yenye ukuta unaovuta unyevu jambo hilo hupunguza kutu.

Nikija kwenye mpasuko, mbao hupasuka kwa urahisi sana kufuata nyuzi zake na kwa shida sana kuzikata nyuzi hizo. Wewe ulitoboa mashimo kwa mstari mmoja sambamba na nyuzi, hivyo kati ya shimo na shimo ukaacha vipande vifupi vya mbao vinavyoshikana kwa upande wao dhaifu. Kisha ukatia ndani mipini iliyochongoka kuelekea chini, na kila ulipoirudisha kwa nguvu kidogo ilifanya kazi ya kabari. Ubao ungepasuka hata kama ungekuwa wa mti mgumu, isipokuwa ungechelewa. Plaiwudi haina tatizo hilo, kwa sababu matabaka yake yamegundishwa kwa kupishanisha uelekeo wa nyuzi, na ufa unaoanza katika tabaka moja huzuiwa na tabaka linalofuata. Kwa rafu zenye mashimo na kwa reli tumia plaiwudi ya milimita 18. Kwa migongo ya vitundikio, milimita 12 inatosha. Chipubodi na MDF (mbao za viwandani za chembe au nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) siziungi mkono katika kazi hii: skrubu iliyoingia kwenye ukingo wake hung'oka mapema, na unyevu wa gereji huzivimbisha.

Msonobari uliobaki usiutupe. Unafaa kwa vigingi na vipande vidogo, mradi usitoboe mashimo mengi katika mstari mmoja wa nyuzi, na mradi uanze na tundu la kutangulia kabla ya skrubu. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la milimita 3 linafaa.

Kuhusu vipimo, usipime kwa macho wala usikopi vya mtu mwingine, maana mipini hutofautiana sana hata kwa zana za jina moja. Tandika kadibodi sakafuni yenye ukubwa sawa na eneo la ukuta, panga zana zote juu yake, kisha ichukue kila moja kana kwamba unaitumia. Utagundua kwamba nafasi inayotakiwa ni ya zana pamoja na vidole vyako. Bisibisi yenye mpini wa milimita 32 inahitaji takribani milimita 45 hadi 50 kati ya kitovu cha shimo na kitovu cha shimo la jirani. Shimo lenyewe lilingane na chuma, si mpini: kwa chuma cha milimita 6 toboa milimita 8 au 9, ili mpini ukae juu ya ubao. Ukitaka safu mbili, zipishanishe, safu ya nyuma iwe juu zaidi kwa sentimita 4 ili mipini isigongane, na shimo lolote lisiwe karibu na ukingo wa ubao kuliko mara mbili ya kipenyo chake.

Patasi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa makali yake hutazama chini mahali ambapo mkono wako hupita. Mashimo ya mviringo hayazifai: patasi hujizungusha ndani yake, na ukiichomoa kwenda juu makali yote hupita kwenye mbao. Zifanyie nafasi zilizo wazi upande wa mbele. Kwa kila patasi toboa shimo lenye kipenyo kikubwa kidogo kuliko shingo yake, lakini dogo kuliko mpini, kitovu chake kikiwa milimita 30 kutoka ukingo wa mbele. Kisha kata mistari miwili ya msumeno kutoka ukingo hadi kwenye shimo, uondoe kipande cha kati na ulainishe kwa msasa. Bapa la patasi pana huwa pana kuliko shingo, kwa hiyo litapita chini ya rafu huku shingo pekee ikiingia katika nafasi. Inamisha rafu kidogo kuelekea ukutani, nyuzi 5 hivi, ili mtikisiko wa nyundo kwenye meza usiziteremshe mbele. Hatimaye funga mbele ya makali ubao mwembamba wa plaiwudi ya milimita 6, unaoanza chini ya rafu na kushuka sentimita 2 chini ya ncha ya patasi ndefu kuliko zote. Ikiwa watoto huingia gerejini, kitundikio hiki kikae angalau sentimita 150 kutoka sakafuni, na kusiwe na kitu cha kupandia chini yake.

Zana nyingine hazisumbui sana. Nyundo hutosheka na vigingi viwili vilivyoachana milimita 35, vikiwa vimeinuka kidogo mbele. Spana zipangie kwa ukubwa katika ubao uliokatwa mifuo ya mshazari, kila mfuo ukizidi unene wa spana kwa milimita 2. Mfuo uliolegea zaidi ya hapo hufanya spana zilaliane. Msumeno wa mkono utundike kwa mpini wake, kwenye kipande cha mbao kilichochongwa kufuata uwazi wa ndani wa mpini huo, na mbele yake uweke komeo dogo la mbao linalozunguka kwenye skrubu moja. Meno yake yaelekee mahali ambapo hakuna zana nyingine inayochukuliwa mara kwa mara.

Randa ndizo nzito, na hapo ile hesabu ya mvuto inarudi. Usiziweke kwenye rafu iliyochomoza. Tengeneza ubao ulioegemea nyuma, wenye kizuizi chini na mbavu nyembamba pembeni, ili kila randa ilale karibu kabisa na ukuta, na upigilie kijiti chembamba chini ya sehemu ya mbele ya tako lake, yaani uso wake wa chini, ili makali yasiguse ubao. Uweke kwenye usawa wa kifua, kwa sababu kunyanyua chuma chenye makali juu ya kichwa ni hatari isiyo na faida yoyote.

Viungo vya rafu na mgongo viwe na gundi ya mbao pamoja na skrubu zinazoingia kutokea nyuma, na chini ya rafu ndefu uweke pembetatu za kuitegemeza kila baada ya sentimita 30. Gundi ibanwe kwa klempu kwa saa moja na kuachwa saa 24 kabla ya kubeba uzito. Tundika kila kitu kwanza na ukitumie kwa siku kadhaa, ndipo upake vanishi au mafuta ya kitani, maana kutakuwa na mashimo utakayotaka kuyapanua. Ukichagua mafuta ya kitani, matambara uliyopakia usiyakunje wala kuyarundika, kwa kuwa mafuta hayo hutoa joto yanapokauka na rundo la matambara linaweza kushika moto lenyewe. Yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae, ndipo uyatupe.