Katiba si gari bovu

Mwalimu wa Uraia kutoka Morogoro anafundisha habari za katiba ya Marekani, naye anauliza: aandike ubaoni "Marekebisho ya 13", "Rekebisho la 13" au "Badiliko la 13"?

Andika Rekebisho la 13, Mwalimu. Ni moja tu, la mwaka 1865, lililofuta utumwa. La 14, la mwaka 1868, likawapa uraia waliozaliwa nchini humo, waliokuwa watumwa wakiwemo. Ukiandika "marekebisho ya 14", mwanafunzi wa dawati la nyuma atadhani yapo kumi na manne. Lakini redio zote husema "marekebisho", na mimi sina ubavu wa kushindana na redio. "Badiliko" liache. Kubadili, tangu huko kwao Uarabuni, ni kutoa hiki ukaweka kile, na Wamarekani hawatoi kitu, wanabandika mwishoni. Rekebisho la 18, la 1919, lililopiga marufuku biashara ya pombe, bado limechapwa pale pale. La 21 lilikuja 1933 likalifuta bila kuling'oa.

Hilo limekwisha. Kilichoninyima usingizi ni sentensi uliyoipenyeza katikati ya barua yako: "Mwaka 1920 katiba ya Marekani ilifanyiwa marekebisho na wanawake wakapiga kura."

Ilifanyiwa marekebisho! Gari hufanyiwa matengenezo, tena likiwa juu ya jeki. Tunacho kitenzi "rekebisha", kizima, hakijawahi kuugua. Tumekivua nguo, tukakifanya nomino, kisha tukamkodi "fanyia" aje akibebe mgongoni. Kesho tutaambiwa wali umefanyiwa upishi na mtoto amefanyiwa unyonyeshaji. Na hiyo "na" yako! Nimeisoma sentensi mara tatu. Mara ya kwanza nilielewa kwamba wanawake ndio mafundi wenyewe.

Ubaya wa "ilifanyiwa" ni kwamba inamficha mtenda, na katika jambo hili mtenda ndiye hadithi yenyewe. Rekebisho hupendekezwa na theluthi mbili za Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili za Seneti, kisha robo tatu ya majimbo huliridhia. Saini ya rais haihitajiki. Leo robo tatu ni majimbo 38 kati ya 50. Mwaka 1920 ilikuwa 36 kati ya 48, na mwezi Agosti macho yote yalikuwa Tennessee, likisubiriwa kuwa la 36. Mjumbe mmoja wa huko, Harry Burn, kijana wa miaka 24, aliingia bungeni na waridi jekundu kotini, alama ya wapinzani wa kura ya wanawake. Mfukoni alikuwa na barua ya mama yake, ikimtaka aunge mkono. Jina lake liliposomwa, akasema ndiyo.

Sasa mtafute mama huyo ndani ya "ilifanyiwa marekebisho". Hayumo.

Andika hivi: "Mwaka 1920 majimbo yaliridhia Rekebisho la 19, na tangu hapo ni marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ya jinsia." Ila nikimkumbuka Mama Burn na kalamu yake, ile "marekebisho na wanawake" yako imegusa ukweli kwa bahati mbaya. Nakupa nusu alama.