"Certain": ni hakika au ni fulani?

Mimi ni mhudumu wa hoteli hapa Nyali. Mkataba wangu wasema nitaongezwa mshahara "after a certain period". Nikadhani ni muda uliokwisha kuamuliwa. Mwaka umepita, kimya. Nilielewa vibaya?

Pole sana, ndugu yangu. Neno hili limewaponza wengi. Likija baada ya kitenzi, kama "I am certain", ni hakika: sina shaka. Likitangulia nomino, mara nyingi ni fulani tu: "a certain man" ni mtu fulani. Mkataba wako basi wasema "baada ya muda fulani", na fulani haina tarehe. Mwombe mwajiri auandike muda huo kwa miezi, kisha mtie sahihi upya nyote wawili. Nimesema "mara nyingi" kwa kuwa "certain death" si kifo fulani, ni kifo kisichoepukika.

Imekuwaje neno moja libebe maana mbili zinazogombana namna hii?

Swali zuri mno, na mimi sizioni zikigombana. Asili yake ni Kilatini, "certus", kutokana na kitenzi "cernere": kutenganisha, kuchekecha. Mtazame mama barazani na ungo wake wa mchele. Makapi yapeperuka, chuya zajitenga pembeni, mchele wabaki. Uliobaki haubishaniwi tena. Hapo ndipo penye hakika. Na kitu kilichokwisha kutengwa na vyenzake, hata kisipotajwa jina, ndicho fulani. Msemaji wa "a certain man" aghalabu amjua mtu huyo, ila hakutajii. Ndiyo maana una haki ya kumuuliza: yupi?

Mwalimu alinikosoa nilipoandika "It is sure that it will rain". Kwa nini? (Mwanafunzi, Likoni)

Alikuwa sawa. Andika "It is certain that", au "I am sure that". "It is sure to rain" pia ni sahihi.

"Surely" na "certainly" si mamoja?

La. Mgeni akiagiza chai ukamjibu "Certainly", umemwambia naam, bila shaka. Lakini "Surely you have eaten?" yasemwa na mtu ambaye hana uhakika kamili, angoja umkubalie. Usiitafsiri "Hakika umekula". Sisi Mombasa twasema: "Si ushakula?"