Mmeniuliza Kama Bado Ni Mimi

Ndugu zangu, salamu. Baada ya ule ujumbe wa sauti niliotuma kutoka huku ughaibuni wakati wa msiba, maneno yamekuwa mengi. Shangazi amesema sauti ni yangu ila namna ya kusema siyo yangu. Mjomba akatania kwamba nimeshakuwa Mzungu. Mdogo wangu, ambaye naye anajiandaa kusafiri kwa masomo, ndiye aliyelenga: "Ukikaa huko miaka yote hiyo, unabaki yule yule au unakuwa mtu mwingine? Tuambie ukweli, usitupambie." Swali kama hilo halijibiki kwenye simu inayokatika kila baada ya dakika mbili, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwa kifupi, sijawa mtu mwingine. Nilichopoteza ni mashahidi. Ninyi mlionijua, kila siku, bila hata kufikiri kwamba mnafanya kazi yoyote, mlikuwa mnanishikilia niwe mimi. Huku kazi hiyo naifanya peke yangu, na inachosha kuliko zamu za usiku.

Mwanafalsafa John Locke angenipa cheti mara moja. Katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu, alisema kinachomfanya mtu wa leo awe yule yule wa jana ni fahamu: ukiweza kulikumbuka tendo la zamani kama lako, basi ni wewe uliyelitenda. Akatoa mfano wa roho ya mwana wa mfalme inayoingia katika mwili wa fundi viatu, ikiwa na kumbukumbu zake zote. Kwa Locke huyo ni mwana wa mfalme, hata kama kila mtu mwingine anaona fundi viatu. Kwa kipimo hicho mimi ni mzima kabisa. Nakumbuka kila kitu, hata nani ananidai. Lakini kinachonisumbua katika mfano huo ni majirani, na Locke aliwapita haraka. Mwana wa mfalme yule ataamka asubuhi, atafungua mlango, na kila atakayekutana naye atamletea kiatu kilichobanduka soli. Ataendelea kuwa mwana wa mfalme mpaka lini?

Mwanafalsafa mwingine, David Hume, mwaka 1739, alikwenda mbali zaidi. Alisema kila anapojitazama ndani haioni nafsi yoyote. Anakutana tu na joto au baridi, upendo au chuki, maumivu au raha, vinapishana bila mwenyewe. Wageni wengi wapya huku wangemwelewa hata bila kufundishwa. Umetoka kazini, umeingia chumbani, na tangu asubuhi hakuna aliyekuita kwa jina lako. Ila angalieni alivyojitibu. Aliandika kwamba mawazo hayo yalipomwelemea, alikwenda kula na rafiki zake, akacheza nao mchezo wa dadu, wakazungumza na kufurahi, na aliporudi kwenye falsafa yake akaiona baridi, ya kuchekesha, hata hamu ya kuiendeleza hana. Watu hunukuu ile sehemu ya kwanza na kuiacha hii ya pili, wakati mimi naona siri yote iko hapa. Aliyeipoteza nafsi chumbani aliikuta imekaa mezani na marafiki. Basi fikirini mtu aliyeziacha meza zote zilizokuwa zinamjua.

William James, mmoja wa waasisi wa saikolojia, aliliweka jambo hili kihesabu mwaka 1890. Alisema mtu ana nafsi za kijamii nyingi sawa na idadi ya watu wanaomtambua na wenye picha yake vichwani mwao. Hesabu hiyo ipelekeni uwanja wa ndege. Wanafunzi wangu walibaki na nafsi yao ya mimi, wazee walionijua natambaa wakabaki na yao, ninyi wa kunitania mkabaki na yenu. Nilishuka upande wa pili na ile ya kwenye pasipoti. Mwaka 1902 mwanasosholojia Charles Cooley akaeleza jinsi tunavyojiona kupitia wenzetu kama kupitia kioo: nawaza unanionaje, nawaza unanipa alama gani kwa hicho unachokiona, halafu najisikia fahari au aibu. Yote matatu yanatokea kichwani mwangu, ila yanakutegemea wewe usimame mbele yangu.

Nilikuwa mwalimu, mnajua. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Ni kazi ya heshima na nitabishana na yeyote anayeidharau. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyeniuliza jambo lolote ambalo jibu lake lilihitaji mwalimu, na nikaanza kusahau kwamba najua. Sikuwa nimeupoteza ufundi wa kueleza jambo gumu likaeleweka. Haukuwa na mtu wa kuuomba, basi ukalala.

Kuna jaribio dogo la wanasosholojia wawili wa Marekani, Kuhn na McPartland, la mwaka 1954. Unapewa karatasi yenye mistari 20 na swali moja, "Mimi ni nani?", ambalo unalijibu mara 20. Waliona kwamba watu huelekea kuanza na nafasi zao na makundi yao, yaani mwanafunzi, binti, mume, wa dini fulani, kabla ya kufika kwenye tabia na hisia zao. Mdogo wangu, lifanye kabla hujaondoka na uitunze karatasi. Nilipolifanya mimi, yale majibu ambayo kwenu yangekuwa juu, mtoto wa fulani, kaka wa fulani, yalikuwa yameshuka chini. Juu kulikuwa na mgeni, mfanyakazi wa usiku, Mweusi.

Hilo la mwisho tukipigiana simu hatuligusi, basi niliseme hapa. Huko kwetu sikuwahi kuwa Mweusi. Rangi nilikuwa nayo, lakini haikuwa jibu la swali la mtu yeyote. Huku unafika unakuta jibu limeshaandikwa kabla hujafungua mdomo. W.E.B. Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, aliieleza hali hii mwaka 1903, akiwazungumzia Wamarekani Weusi: kujitazama daima kupitia macho ya wengine, na kujipima kwa mizani ya watu wanaokutazama kwa dharau na huruma. Nikiingia dukani mikono naitoa mifukoni bila kuambiwa na mtu. Huyo anayenikumbusha kuitoa ni nani, kama si hao wengine niliokwisha kuwabeba ndani yangu? Daktari Frantz Fanon naye, aliyezaliwa Martinique, kisiwa cha Karibi kilichotawaliwa na Ufaransa, na kukua akijua ni Mfaransa, hata akaipigania Ufaransa vitani, alisimulia mwaka 1952 jinsi mtoto mdogo huko Ufaransa alivyomwambia mama yake kwamba amemwona Mweusi na anaogopa. Elimu yake yote ya udaktari haikumkinga na sauti ya mtoto. Kwa hiyo mjomba, utani wako nimeupokea, ila huku hakuna hata mmoja aliyewahi kunidhania Mzungu.

Sasa niwaguse na ninyi. Mwanasosholojia Erving Goffman, katika miaka ya 1950, aliandika kwamba maisha ya kila siku yana jukwaa na nyuma ya jukwaa. Alikuwa amekaa katika kisiwa kimoja cha Shetland, kaskazini mwa Scotland, akaona wafanyakazi wa hoteli walivyokuwa watu tofauti wakivuka mlango kati ya jikoni na ukumbi wa kulia. Simu zetu ni ukumbi. Mimi hupiga nikiwa nimeoga, nimekaa upande wa chumba wenye ukuta mzuri. Ninyi hunificha maradhi mpaka mgonjwa apone, au mpaka azikwe. Nawaelewa, mnanilinda nisihangaike mbali. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa miaka tumekuwa tukikutanisha maonyesho mawili, halafu tunashangaa mbona mwenzetu habadiliki, au mbona amebadilika ghafla. Shangazi alisikia sauti ya msibani kwa sababu siku ile sikuwa na nguvu ya kuigiza. Namna ile ya kusema ndiyo ninayoitumia nikiwa peke yangu.

Kuna msemo tunaoupenda, uliowekwa vizuri na mwanafalsafa John Mbiti wa Kenya mwaka 1969: mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo, basi mimi nipo. Tunautamka kwa fahari, kama dawa ya upweke wa wenzetu wa Magharibi. Ukiwa ughaibuni unausikia tofauti. Kama nipo kwa sababu mpo, basi mahali msipokuwepo mimi ni kiasi gani? Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa kutoka Nigeria, aliusukuma zaidi mwaka 1984 akasema utu haupewi mtu kwa kuzaliwa tu. Anaufikia hatua kwa hatua akiingizwa na jamii yake, na anaweza hata kushindwa kuufikia. Nikisoma hivyo nikiwa hapa, naona baridi mgongoni. Aliyenipa pumzi ni Mghana Kwame Gyekye, aliyemjibu kwamba jamii inamjenga mtu kweli lakini haimmalizi. Mtu anabaki na uwezo wa kuipima jamii yake, kuikubali hapa na kuikataa pale.

Nahitaji Gyekye awe sahihi, maana kuna jambo sijawahi kuwaambia. Kuna siku napenda kwamba hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Nakaa kimya bila mtu kuuliza nimekasirikia nini. Nabadili mawazo bila kikao. Nimegundua kwamba baadhi ya mambo niliyodhani ni tabia yangu, kama ule ucheshi wangu kwenye mikusanyiko, yalikuwa nafasi mliyonipa kwa sababu palihitajika mcheshi. Huku si mcheshi hata kidogo, na sijaumia. Mtu akiniambia waliobaki nyumbani wana jamii na walioondoka wana upweke tu, najua hajakaa sana upande wowote. Wanasaikolojia Hazel Markus na Shinobu Kitayama waliandika mwaka 1991 kuhusu tamaduni zinazomwona mtu kama kitu kinachojitegemea na zile zinazomwona kama sehemu ya mahusiano yake. Wengi wamelichukua wazo hilo wakaligeuza ukuta, huku sisi na kule wao. Mimi nimekuta hapa wazee wanaopigiwa simu na watoto wao kila jioni, na ninyi mnawajua kwetu wazee wasiopigiwa.

Mwanasaikolojia John Berry anataja njia nne za mhamiaji: kushika asili yake na kujiunga na wenyeji pia, kumezwa na wenyeji, kujitenga na wenyeji akabaki na watu wake tu, au kukosa pande zote mbili. Ramani nzuri, japo mimi kwa wiki moja napita njia tatu. Kazini namezwa, Jumapili najitenga, na Jumamosi nafundisha watoto wa wahamiaji hesabu kwenye chumba cha maktaba, wazazi wao wakitoka nchi ambazo sikuwahi kuzifikiria. Berry mwenyewe anasisitiza kwamba uchaguzi si wa mhamiaji peke yake. Wenyeji wakifunga mlango, hata njia ya kwanza haipo. Usije ukadhani ni suala la bidii.

Mwanasaikolojia Erik Erikson, aliyeyafanya maneno "mgogoro wa utambulisho" yajulikane duniani, hakumjua baba yake mzazi, alihamia Marekani mwaka 1933 akikimbia utawala wa Hitler, na huko akajibadilishia jina la ukoo. Aliliweka jambo katika sehemu mbili ambazo lazima ziende pamoja: kujihisi ni yule yule, na wengine wenye maana kwako kulitambua hilo. Ya kwanza niliondoka nayo. Ya pili inajengwa upya, polepole, na wale watoto wa Jumamosi wana mchango mkubwa kuliko wanavyojua.

Limebaki lile mnalouliza kila mwaka, kama nitarudi. Alfred Schutz, mwanasosholojia wa Vienna aliyekimbilia New York, aliandika mwaka 1944 kuhusu mgeni, na mwaka uliofuata kuhusu anayerejea nyumbani, akiwafikiria askari waliokuwa wanarudi kutoka vitani. Anasema mgeni anajua kwamba anaingia asikokujua, hivyo hujiandaa. Anayerejea anadhani anapajua. Amebeba nyumba ya siku aliyoondoka, na waliobaki wamebeba mtu wa siku hiyo hiyo, na wote wawili hawapo tena. Kwangu huyu ndiye aliyesema kweli kuliko wote, na ndiyo sababu jibu langu la kurudi huwa linayumba hata nikiwa na nauli. Mdogo wangu, mambo ya viza na ada tutaongea Jumapili. Kuhusu nafsi yako, mtafute mapema mtu mmoja atakayekujua nje ya darasa na nje ya kazi.

Nikija likizo, nawaomba siku chache za kuulizana kama wageni. Mimi nitauliza nani sasa haongei na nani, na utani gani siku hizi hauchekeshi. Ninyi niulizeni huwa nafanya nini nikiwa sina zamu. Pesa, hali ya hewa na mishahara mmeshaniuliza vya kutosha.